Lugha kama Kigezo cha Udahili: Kutoka Wanafunzi wa TAZARA hadi Shahada ya Umahiri

Juni 1972, ujenzi wa TAZARA ukiwa haujafika Tunduma, vijana 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing, katika Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini, kusomea kazi za reli. Walianza na Kichina. Septemba 1975 walihitimu 179. Pengo hilo la wanafunzi 21 halielezwi na lugha pekee, ingawa ni vigumu kuitenga. Wachina walitangulia upande wa pili: Kiswahili kilifundishwa Beijing tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo Mchina anayeomba udahili wa shahada ya umahiri ya Kiswahili Dar es Salaam aweza kuja na lugha aliyoisomea kwao. Kijana wa 1972 aliikuta ugenini.