Kanga za Pemba na Mapenzi ya Mafumbo

Mwenye kutafuta Pemba picha zilizotundikwa ukutani, zenye kusifu uzuri wa mwanamume machoni pa mwanamume mwenziwe, au jamali ya mwanamke machoni pa mwanamke mwenziwe, atazunguka Mkoani, Chake Chake na Wete, kisha arudi mikono mitupu. Bali akikubali kwamba watu wa pwani, tangu dahari, sanaa yao ya kutazamwa waliivaa mwilini kuliko kuitundika, atakuwa na mengi ya kutazama, na la kwanza ni kanga.

Baada ya kimbunga cha 1872 kuing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ilirithi sehemu kubwa ya zao hilo, na waliolitolea jasho walikuwa watumwa. Sayyid Hamoud bin Muhammad alipotoa amri ya mwaka 1897 ya kuondoa utumwa katika visiwa vyote viwili, wanawake waliozoea kaniki na merikani, ambazo zilikuwa alama ya unyonge, walianza kuziacha na kujitanda kanga za rangi, zilizopigwa chapa Uholanzi na Uingereza, na baadaye Japani na India. Kujipamba kulikuwa dai la uungwana, na aliyeanza kudai kwa nguo hakukosa kuona kwamba nguo yaweza kudai mengine pia.

Kanga ina pindo lizungukalo pande zote, ina mji katikati, na chini ya mji pana jina, ambalo hapo zamani liliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mvaaji hujifunga upande mmoja kiunoni na wa pili akajitanda kichwani, na jina likaangukia nyuma, mahali ambapo yeye mwenyewe halioni na anayemfuata njiani hawezi kuacha kulisoma. Akiulizwa amekusudia nani, hujibu kwamba amependa rangi tu, na hakuna kadhi awezaye kumhukumu kwa hilo. Tena doti ni pande mbili, na ni ada ya mashoga wawili kugawana, huyu upande huu na yule upande ule, wakaenda harusini wamefanana. Ikiwa kati yao pana usuhuba mtupu ama pana mahaba, jicho la mpita njia halina ilimu ya kupambanua. Nadhani hapo ndipo ilipo hikima ya nguo hii: ilimpa asiyeruhusiwa kusema mahali pa kusemea, bila kumtia mikononi mwa wambeya.

Walioandika vitabu hawakuwa na haya hiyo. Oscar Baumann, mtafiti wa Austria aliyekuwa balozi mdogo wa dola yake Zanzibar, alikizunguka kisiwa cha Pemba akikipima, na mwaka 1899 kikatoka kitabu chake juu yake. Mwaka huo huo jarida moja la elimu ya makabila la Berlin likatoa makala yake kuhusu watu wa Zanzibar wenye kupenda jinsia yao. Aliwataja mke-si-mume, wanaume waliovaa nguo za kike na kufurahia kupika na kusuka mikeka, akawaeleza kwa sauti ya tabibu anayehesabu maradhi. Hata hivyo kalamu yake ilihifadhi jambo ambalo hakulithamini sana: kwamba wenyeji waliwapambanua waliozaliwa hivyo na waliojifunza, na wale wa kwanza waliwaita amri ya Mungu. Alifariki mwaka ule ule, naye hajatimiza miaka 36.

Ng'ambo ya bahari, Oman, ambako nasaba nyingi za Pemba zina mizizi, Unni Wikan wa Norway alichapisha mwaka 1977 habari za mahanithi wa Sohar, akaeleza kwamba mwanamume huvaa kanzu nyeupe, mwanamke huvaa nguo ya maua yenye rangi kali, na hanithi huvaa kanzu ya rangi isiyo na maua. Mwenye macho alijua bila kuuliza.

Visiwani, sheria ya mwaka 2004 iliweka kifungo kwa mapenzi ya jinsia moja, ya wanaume na hata ya wanawake, na fumbo likazidi kuwa na kazi. Nairobi mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 2017, katika Taasisi ya Goethe, msanii Kawira Mwirichia, aliyefariki 2020, alionyesha kanga alizozibuni kwa ajili ya mapenzi ya jinsia moja, akikusudia kila nchi ya dunia ipate yake, na wazo alilichukua katika ada ya kumtandikia bibi harusi leso, yaani kanga, apite juu yake. Kazi hiyo naistahi, kwa kuwa imewarudisha wenye mapenzi hayo katika harusi, ambako daima walikuwamo wakipika, wakipamba na wakicheza. Lakini bibi wa Wete aliyelelewa katika kanga angeitia ila moja, nami ningekuwa upande wake: majina ya kanga hizo yanasema wazi mno.