Oktoba 1966: Wasomi Walipoligomea JKT

Tarehe 22 Oktoba 1966, mamia ya wanafunzi wa Chuo Kikuu na vyuo vingine vya Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu. Walikuwa wanapinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na mabango mengine yalithubutu kutamka kwamba afadhali ukoloni.

JKT lilipoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, hakuna aliyeshurutishwa. Vijana walijiunga kwa hiari, wakafyeka mapori, wakalima, wakacheza gwaride. Yalipotokea maasi ya askari Januari 1964, serikali ikalazimika kuwaomba Waingereza wayazime, aibu kubwa kwa nchi changa. Jeshi jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), likaundwa Septemba mwaka huohuo, na vijana wa JKT wakawa miongoni mwa walioandikishwa. Wasomi, waliosomeshwa kwa jasho la wakulima, walikuwa adimu kambini.

Sheria ya 1966 ya kuwalazimisha kujiunga ikawafuata hukohuko chuoni: miezi 5 kambini, kisha miezi 18 kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Hapo ndipo palipouma. Jembe na kwata vingevumilika, lakini kukatwa mshahara ilhali wakubwa wanapokea mishahara yao yote? Wakamwambia Rais, Mwalimu Nyerere, ana kwa ana kwamba miili yao ingekwenda, mioyo ingebaki nje.

Mwalimu aliwaka. Zaidi ya 300 walifukuzwa chuo na kurudishwa makwao; wengi wao walipokelewa tena mwaka uliofuata. Adhabu ilikuwa kali mno, lakini hoja yao ya mishahara ilimchoma: siku hiyohiyo alitangaza kupunguza wake kwa asilimia 20, na wa vigogo wengine ukafuata. Februari 1967 likatoka Azimio la Arusha, lililowabana viongozi kuliko walivyowahi kubanwa.

Ulazima ulisitishwa mwaka 1994 kwa sababu ya ukata. Uliporejeshwa mwaka 2013, wabunge vijana kadhaa walitangulia kuvaa kombati, jambo la kupongezwa. Tangu hapo wahitimu wa kidato cha sita huitwa Ruvu, Mafinga, Bulombora au Oljoro kwa mafunzo ya miezi michache "kwa mujibu wa sheria". Hata hivyo, kwa miaka kadhaa kambi hazikuweza kuwachukua wahitimu wote. Wengine waliitwa, wengine wakabaki nyumbani.

Kasoro hiyo ya mzigo kuwaangukia baadhi tu inafanana mno na ile iliyowapeleka wanafunzi Ikulu. Serikali ikiendelea na ulazima huu, iongeze kambi na kuwaita wote, mtoto wa waziri pamoja na wa mkulima.