Nani Amekuwa Mhandisi Kwetu? Historia Fupi ya Sayansi Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa



Kila tunapokutana hakosi mzee wa kusimama na kuhesabu kwa fahari mapadri, walimu, mahakimu, maofisa tawala na wabunge waliopita katika shule yetu. Hesabu hiyo ni ndefu, na ni haki yetu kujivunia. Lakini ikija zamu ya wahandisi, wakemia na wataalamu wa madini, vidole vya mkono mmoja huanza kutosha. Na ukiuliza wangapi kati ya hao walizaliwa ziwani, tangu Lituhi kushuka Liuli hadi Mbamba Bay, ukumbi hunyamaza. Habari za dada zetu haziulizwi kabisa, maana shule hii ni ya wavulana na tumezoea kudhani kwamba hazituhusu. Mimi naona zinatuhusu, hasa mwaka huu ambapo tunabishana juu ya mahali pa kupeleka michango yetu.

Wapo wanaosema kwamba watu wa kwetu hawana mwelekeo wa sayansi, kwamba sisi ni watu wa dini, siasa na kahawa. Anayeamini hivyo na apande milima ya Umatengo mwezi Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha, atazame kazi ya ngoro. Mteremko ni mkali kiasi kwamba mgeni huogopa hata kusimama. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza chini kwa mistari inayokatana, mfano wa wavu. Kisha wanawake huingia na majembe, huchimba udongo wa katikati ya kila jicho la wavu huo, na kuufukia juu ya majani. Shamba zima hubaki vishimo vilivyozungukwa na matuta, kila kishimo upana wa hatua moja au mbili. Maharage hupandwa juu ya matuta. Msimu unaofuata huwa zamu ya mahindi, na wakati huo majani yaliyofukiwa yamekwisha kuoza na kuwa mbolea. Mvua inyeshe namna gani, maji hayapati njia ya kukimbia. Huingia kishimoni, yakatulia, yakaacha tope lake pale pale, na kuzama ardhini taratibu. Mashamba hayo yamelimwa kizazi baada ya kizazi na udongo wake bado uko mlimani.

Inaelezwa kwamba Wamatengo walibanwa milimani na vita vya Wangoni katika karne ya 19, ikawabidi walishe watu wengi kwa ardhi ndogo iliyosimama wima. Kama ndivyo, basi lilikuwa jibu la kihandisi kwa swali gumu la kihandisi. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika juu ya ngoro katika jarida la Tanganyika Notes and Records, akawaeleza wasomi wenziwe jinsi Wamatengo wanavyohifadhi udongo. Miaka ya 1990 wakaja wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani, wakapima mmomonyoko, rutuba na mavuno. Kazi yao ilikuwa njema, na mradi uliofuata ulikiachia kijiji cha Kindimba mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji. Hata hivyo, katika masimulizi hayo yote, mama aliyeshika jembe alikuwa mwenye kuulizwa maswali. Hakuwa mwenye kuuliza. Binti yake hakuwa na njia ya kufika mahali ambapo maswali hutungwa.

Upande wa ziwa mambo yalikuwa hivyo hivyo, ila huko mashine zilifika mapema zaidi. Wajerumani waliingiza meli yao Hermann von Wissmann katika Ziwa Nyasa mwaka 1893. Meli ya misheni ya UMCA, Chauncy Maples, iliundwa Glasgow mwaka 1899, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa upya, ikaelea mwaka 1901. Boila lake lilivutwa nchi kavu na Wangoni wa upande wa Nyasaland wapatao 450, mwendo wa kilometa kama 100. Meli hiyo ilikuwa kanisa, zahanati na chuo cha walimu kwa vijiji vya mwambao. Tarehe 13 Agosti 1914 watu wa Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen, walisikia mizinga ya meli ya Waingereza Gwendolen ikiipiga Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Hivyo wazee wa mwambao waliijua mashine ya mvuke kabla ya watu wengi wa bara. Lakini kazi waliyopewa ilikuwa kukata kuni, kubeba na kuvuta. Mwenye kujua upepo wa mwera na mkondo wa maji aliitwa baharia akibahatika. Mwenye kushika spana alitoka Ulaya.

Elimu ya misheni nayo ilikuwa na shabaha zake. Wabenediktini walifungua Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899. UMCA walishika mwambao kutoka makao yao ya kisiwani Likoma. Tusiwavunjie heshima: useremala, uashi na uhunzi wa Peramiho ulijenga nusu ya mkoa huu. Lakini fundi alifundishwa kutengeneza, hakufundishwa hesabu za kubuni. Na kijana aliyeonekana ana akili sana alielekezwa seminari au ualimu. Hayati Rais Benjamin Mkapa alipita Kigonsera akiwa kijana, akafika Makerere na kuhitimu mwaka 1962. Alisomea Kiingereza. Taifa lilifaidi, sina ugomvi na hilo, ila mkondo wa wakati ule ndio huo.

Mwalimu Nyerere aliwahi kueleza kwamba nchi ilipopata Uhuru ilikuwa na wahandisi 2 na madaktari 12 tu. Tuzingatie maana yake. Kitivo cha Sayansi Dar es Salaam kilianza mwaka 1965, na Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973. Kabla ya hapo, Mtanzania aliyetaka uhandisi ilimpasa atoke nje ya nchi, na ili atoke ilimpasa kwanza awe amesoma fizikia na hisabati katika shule yenye maabara. Shule za namna hiyo zilikuwa chache, na njia ya kutoka Mbamba Bay kwenda kwenye hizo ilikuwa ndefu mno. Shule za ufundi nazo zilijengwa Ifunda, Moshi, Tanga na Mtwara, kwetu hapakuwa.

Hapa ndipo Serikali ilipoingiza mgao wa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa na wilaya katika miaka ya 1970. Mikoa iliyokuwa mbele ilinung'unika kwamba watoto wao wenye alama za juu wanaachwa ili wachukuliwe wa mikoa mingine wenye alama za chini. Wakubwa zetu wa miaka hiyo, ambao leo ni wazee wa heshima katika mkutano huu, wengine waliingia kwa mgao huo. Hatujasikia kwamba madaraja waliyojenga yameanguka.

Nalitaja jambo hili makusudi, kwa sababu kuna kejeli ninayoisikia tukikaa na vinywaji, juu ya mabinti walioingia uhandisi "kwa mlango wa nyuma". Yafaa tueleze mlango huo ni upi. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa afanye kazi kwanza kabla ya kwenda Chuo Kikuu. Kwa wavulana lilikuwa jambo la kuchelewa tu. Kwa wasichana, wengi waliolewa na kuzaa katika muda huo, idadi yao chuoni ikashuka, hata Serikali ikalazimika kuwaondolea sharti hilo. Halafu katikati ya miaka ya 1990 Kitivo cha Sayansi kikaanzisha mafunzo ya awali kwa wasichana waliofaulu kidato cha sita lakini wakakosa nafasi kwa alama chache. Walifundishwa majuma kadhaa, wakapewa mtihani, na aliyefaulu ndiye aliyeingia. Mwaka 2004 upande wa uhandisi ukafanya vivyo hivyo, na idadi ya wasichana ikapanda haraka. Baada ya kuingia walikaa darasa moja na wavulana, wakafanya mitihani ile ile, wakatoka na shahada ile ile. Sioni tofauti yake na mgao wa mikoa. Mwenye kuusifu mmoja na kuubeza mwingine anatetea zamu yake tu.

Kizuizi kikubwa zaidi, hata hivyo, kilikuwa chini kabisa, kidato cha pili na cha tatu, na hapo ndipo mwambao ulipoumia. Kwa miaka mingi shule zisizo na maabara ziliruhusiwa kufanya mtihani wa maandishi badala ya ule wa vitendo. Mwanafunzi alieleza kwa maneno rangi ya myeyusho ambao hakupata kuuona. Anaweza kufaulu, lakini mwanafunzi huyo haombi mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati. Anakwenda historia, maana historia haihitaji bomba la maji. Shule za kata zilipoenea baada ya 2004, nafasi ziliongezeka sana ila maabara hazikuongezeka nazo. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila shule ya kata iwe na maabara tatu, na wananchi wakachangishwa mpaka muda ukasogezwa hadi Juni 2015. Vyumba vilijengwa. Sisi tulio serikalini twajua kwamba chumba si maabara: kinahitaji maji, umeme, dawa ambazo hazijapita muda wake, na mtu wa kukitunza. Kimoja kikikosekana, mlango hufungwa kufuli na ndani huwekwa madawati mabovu.

Umeme wenyewe ulichelewa. Mji wa Songea uliishi kwa jenereta za dizeli hadi njia kuu ya Makambako–Songea ilipowashwa mwaka 2018. Kabla yake, msaada mmoja mkubwa ulitoka mahali ambapo wengi wetu tusingepatazamia: Masista wa Mtakatifu Agnes wa Chipole walijenga kituo cha umeme cha Tulila katika mto Ruvuma, chenye nguvu ya megawati 5, na tangu 2015 wakaanza kuiuzia TANESCO. Masista! Na bado tunauliza kama wanawake wa mkoa huu wanaweza mambo ya mitambo.

Leo kazi zimetufuata nyumbani. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yalianza kuchimbwa mwaka 2011. Barabara ya lami ya kilometa 66 inashuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, makao ya Wilaya ya Nyasa iliyozaliwa mwaka 2012, na bandari mpya inajengwa hapo. Meli ya Mbeya II, iliyoanza safari mwaka 2021, iliundwa Itungi huko Kyela na kampuni ya Kitanzania, Songoro Marine ya Mwanza. Miaka 120 baada ya boila kuvutwa kwa kamba, meli za Ziwa Nyasa zinaundwa na Watanzania. Ila wa mwambao wetu bado ni wachache mno kati yao. Serikali nayo imefungua njia: ufadhili wa Samia tangu mwaka wa masomo 2022/23 kwa wanaofaulu vizuri sayansi kidato cha sita, shule ya sayansi ya wasichana huko Namtumbo, na ruhusa ya Novemba 2021 ya mabinti waliojifungua kurudi shuleni. Ufadhili huo lakini humfikia aliyekwisha kuvuka kidato cha nne akiwa na fizikia mkononi.

Kwa hiyo nakuja kwenye mchango wetu. Wapo wanaotaka geti jipya lenye jina la shule na majina ya wafadhili. Sina chuki na geti. Lakini mimi nitapiga kura yangu fedha ziende katika shule mbili za kata za ziwani, za wavulana na wasichana pamoja: mizani, vyombo vya kioo, mita za umeme, dawa za mwaka mmoja, na posho ya mtunza maabara kwa miaka mitatu ya kwanza. Wanachama walio wahandisi, hata kama ni wachache, wapangiwe kila mmoja juma moja la likizo kwenda kusimamia vitendo vya kidato cha tatu. Nimekwisha kumwandikia katibu juu ya jambo hili, na nimemwomba aliweke katika ajenda kabla ya lile la geti.