Ubongo wa trauti haukomi kuzaa seli mpya

MITO inayoteremka kutoka Mlima Kenya kupitia Meru na Embu ni makao ya samaki mgeni aitwaye trauti. Mayai ya kwanza ya samaki huyo yaliletwa Kenya kutoka Scotland mwaka wa 1905 na mlowezi Ewart Grogan. Wazungu waliovua kwa ndoana walimpenda mno, na hoteli moja mjini Embu ingali inaitwa Izaak Walton, jina la Mwingereza wa karne ya 17 aliyeandika kitabu kusifu uvuvi huo. Wenyeji, ambao jadi yao haikuwa ya kula samaki, hawakushughulika naye sana.

Kichwa cha trauti, ambacho wapishi wengi hukitupa, kina jambo linalowashangaza wataalamu: ubongo wake huendelea kuunda seli mpya za neva hata baada ya samaki kukomaa.

Kwa miaka mingi jambo hilo lilidhaniwa kuwa muhali. Mwaka wa 1913 Santiago Ramón y Cajal, Mhispania aliyetuzwa Nobel mwaka wa 1906, alishikilia kwamba katika ubongo uliokomaa seli za neva hufa bila kuzaliwa nyingine. Katika miaka ya 1960 Joseph Altman wa Marekani alionyesha kupitia panya kwamba kauli hiyo haikuwa sahihi. Hata hivyo, kwa wanyama wanaonyonyesha shughuli hiyo hufanyika hasa katika sehemu mbili tu za ubongo. Kuhusu binadamu, utafiti wa 1998 ulisema seli mpya huzaliwa ukubwani, nao wa 2018 ukapinga, ubishi haujaisha.

Kwa samaki hakuna ubishi. Katika pundamilia, samaki mdogo wa maabara, zimetambuliwa sehemu 16 za ubongo zinazozalisha seli. Günther Zupanc, aliyechunguza samaki wa umeme wa Amerika Kusini, alikadiria kwamba seli 100,000 hivi huzaliwa katika muda wa saa mbili, nyingi zikiwa katika ubongo wa nyuma. Takriban nusu yake hufa baada ya wiki chache.

Katika ubongo wa mbele, chanzo ni seli za glia zilizopanga kuta za mashimo yenye majimaji ndani ya ubongo. Seli hizo hugawanyika, na zinazozaliwa husogea hadi mahali pao na kujiunga na mtandao wa neva. Sababu inayotajwa ni kwamba samaki wengi hukua maisha yao yote. Misuli na viungo vya hisi vikiongezeka, ubongo nao hauna budi kuongezeka.

Uwezo huo ndio humwezesha samaki kujitibu. Ubongo wa pundamilia ukichomwa sindano, jeraha hujazwa seli mpya na halibaki kovu la kudumu. Mwaka wa 2012 watafiti wa Dresden, Ujerumani, waligundua kwamba uvimbe unaotokea jerahani ndio huamsha seli hizo. Ni jambo la ajabu, kwani kwa binadamu uvimbe kama huo huhesabiwa kuwa adui. Atakayefumbua siri hiyo atakuwa amewafaa waliopigwa na kiharusi.

Lakini neema hiyo ina mipaka. Watafiti nchini Norway walibaini kwamba trauti anayeonewa na mwenzake ndani ya tangi hupungukiwa na seli mpya katika ubongo wa mbele, na kwamba kotisoli, homoni ya msongo, ikitiwa katika chakula huleta matokeo kama hayo.

Wafugaji wa Meru na Embu, ambako mabwawa mengi yalichimbwa chini ya mpango wa serikali wa kufufua uchumi ulioanza mwaka wa 2009, wasiyachukue matokeo hayo jinsi yalivyo. Wengi wao hufuga tilapia na kambare, ilhali majaribio yalifanyiwa trauti, ambaye huhitaji maji baridi ya karibu na msitu.