Mkaguzi wa Kuchaguliwa, Si Mkaguzi Mteule

Kijana mmoja mfasiri aliniletea kazi yake niipitie. Ilihusu Portland, katika jimbo la Oregon kule Marekani, na kila alipotajwa ofisa anayezichungulia fedha za jiji, kijana aliandika "mkaguzi mteule". Nikachukua kalamu nyekundu.

Mteule ana sura mbili. Rais mteule ni yule aliyeshinda uchaguzi ila bado hajaapa; wateule wa Rais ni wale waliopewa vyeo bila kupigiwa kura hata moja. Msomaji wa Dodoma ataishika maana ya pili, kwa kuwa mkaguzi anayemjua, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, huteuliwa na Rais. Wa Portland hateuliwi na meya wala na madiwani. Jina lake hukaa kwenye karatasi ya kura, na wananchi humpa miaka minne. Basi ni mkaguzi wa kuchaguliwa.

"Mkaguzi" lenyewe sina ugomvi nalo. Waingereza walilitoa lao kwenye kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusikia, kwani zamani hesabu zilisomwa kwa sauti. Sisi tumekwenda kwa jicho. Anayekagua gwaride hupita taratibu, akasimama penye kiatu kisichong'arishwa. Mkaguzi wa hesabu naye huchomoa hati moja ya malipo, akailinganisha na mkataba na stakabadhi, kisha akafunga safari kwenda kuona kama lami imemwagwa kweli. Akianza kuuliza kama lami hiyo ilistahili bei yake, au kama kuna barabara mbovu zaidi iliyorukwa, ameingia kwenye ukaguzi wa ufanisi, na huko ndiko ofisi ya Portland inakojulikana zaidi.

Mhasibu si yeye: mhasibu huandika vitabu, huyu huja kuvifungua. "Mdhibiti" lina utelezi kidogo. Los Angeles nayo humpigia kura ofisa wake, lakini huyo hukagua na papo hapo ndiye mlipaji wa jiji, kwa hiyo jina hilo linamkaa. "Mkaguzi wa ndani" nalo halifai, maana kwenye halmashauri zetu huyo yuko chini ya mkurugenzi.

"Sasa mwalimu," kijana akauliza, "si atachaguliwa mpiga porojo asiyejua hata mizania?"

Swali zuri. Katiba ya jiji la Portland inamtaka mwenye kiti hicho awe na cheti cha kitaaluma, cha uhasibu au cha ukaguzi. Na mwaka 2017 wapiga kura walimruhusu kuwa na mwanasheria wake mwenyewe, asilazimike kumtegemea yule yule anayewashauri meya na madiwani anaowakagua.

Kijana akaenda kufuta "mteule" zake zote. Jana kaniletea nakala safi. Moja imempita, kwenye kichwa cha habari.