Waliochangia Nanyang

Historia ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore kwa kawaida huanzia mwaka 1905, wafanyabiashara wakiongozwa na Tan Jiak Kim walipochanga fedha, shule ya udaktari ikafunguliwa chini ya utawala wa Waingereza. Lakini chuo chenyewe kiliundwa mwaka 1980 kwa kuunganisha vyuo vikuu viwili: kimoja kilichotokana na shule hiyo, na cha pili ambacho hakitajwi inavyostahili. Hicho ni Nanyang, kilichofundisha kwa Kichina. Mwaka 1953 Tan Lark Sye, tajiri wa biashara ya mpira, alitoa wazo la kukijenga akaahidi dola milioni 5. Chama cha Wahokkien kikatoa zaidi ya ekari 500 huko Jurong. Wakafuata watu wa kipato kidogo: wachuuzi, madereva wa teksi, na waendesha baiskeli za abiria waliotoa mapato yao ya siku nzima. Masomo yakaanza 1956. Wakomunisti walikuwa wameshika Uchina tangu 1949, hivyo vijana waliomaliza shule za Kichina kote Malaya na nchi jirani walikosa pa kuendelea. Chuo kilijengwa kwa ajili yao wote. Kwa hiyo sikubali kwamba umataifa uliingia Singapore pamoja na Kiingereza. Nanyang ilikuwa nao tayari, kwa lugha nyingine.

Watetezi wa muungano husema wahitimu wa Nanyang walikosa ajira, na wazazi wenyewe walikuwa wakihamishia watoto shule za Kiingereza. Ni kweli, ila serikali haikuzitambua shahada hizo hadi 1968, na mzazi hufuata palipo na mshahara. Tan Lark Sye naye alivuliwa uraia baada ya uchaguzi wa 1963, kwa kuwaunga mkono wagombea wa mrengo wa kushoto. Hoja nzito zaidi ni kwamba kisiwa kisicho na maliasili kilihitaji wawekezaji, na Kiingereza hakikuwa cha Wachina, Wamalay wala Watamil. Hiyo naikubali; inaeleza kwa nini Nanyang iligeuziwa Kiingereza mwaka 1975. Haielezi kwa nini ilibidi ifutwe miaka 5 baadaye, ilhali mwaka 1981 serikali hiyohiyo ilifungua taasisi ya teknolojia palepale Jurong. Kubadili lugha kulikuwa na sababu. Kukifuta chuo kilichojengwa kwa jasho la wananchi kulikuwa kosa.