Kabla ya Kufomati: Kwa Nini Kompyuta Zetu Zilikuwa Zikifutwa Ovyo

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nataka turudi nyuma, enzi za kompyuta za nyumbani zenye skrini nzito kama gunia la mahindi, tujibu swali ambalo limenisumbua tangu utotoni: kwa nini kila kompyuta iliyogoma Nairobi ilikuwa lazima ifomatiwe?

Mwaka 2009 tulikuwa tukiishi Kangemi. Tulikuwa na kompyuta ya mtumba, zile ambazo wauzaji waliziita ex-UK. Mama alikuwa mweka hazina wa chama chao, na hesabu zote za michango alikuwa ameziweka humo. Siku moja kompyuta ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe. Baadaye ikakataa kuwaka kabisa, ikawa inalia tu: piii, piii.

Tukaibeba kwa matatu hadi mjini, kwa fundi mmoja karibu na Luthuli Avenue. Pale ikawaka bila shida. Fundi hakuuliza mengi. "Mama, hii ni virusi. Tutafomati, uichukue jioni." Wiki mbili baadaye ikalia tena, ikarudi mjini, ikafomatiwa tena.

Mara ya tatu hatukuwa na pesa za kwenda mjini. Mama akamwita mzee mmoja wa mtaani aliyekuwa akitengeneza redio. Mzee akasikiliza ile sauti, akafungua kasha, akachomoa RAM, akaisugua meno kwa kifutio cha penseli na kuirudisha. Ikawaka. Windows hakuigusa.

Ila hesabu za chama zilikuwa zimepotea tangu ile fomati ya kwanza. Kina mama walikaa Jumapili nzima wakikumbushana nani alitoa nini, na pale ambapo kumbukumbu zilitofautiana, Mama ndiye aliyelipa.

Tabia hii ilianzia wapi?

Sitaki kumlaumu fundi tu. Kuna wakati dawa yake ilikuwa sahihi.

Windows 95 ilitoka tarehe 24 Agosti 1995, na Windows 98 ikafuata tarehe 25 Juni 1998. Zote mbili zilijengwa juu ya DOS. Programu moja iliyoandikwa vibaya iliweza kuvuruga sehemu ya kumbukumbu iliyotumiwa na mfumo wenyewe, na kila kitu kikaganda. Tena programu nyingi zilitumia kwa pamoja mafaili yaitwayo DLL. Ukiweka gemu leo, linaweza kuleta DLL ya zamani na kuifuta mpya, na kesho programu yako ya kuandikia barua haifunguki. Baada ya mwaka mmoja wa kuweka na kuondoa programu, mfumo ulikuwa umechafuka kiasi kwamba kuanza upya kulikuwa rahisi kuliko kutafuta kosa.

Hata wenyewe walioitengeneza iliwaumbua. Tarehe 20 Aprili 1998, mjini Chicago, Bill Gates alikuwa jukwaani wakati msaidizi wake alipochomeka skana kwenye kompyuta yenye Windows 98. Skrini ya bluu ikatokea mbele ya umati mzima.

Mimi kama mwandishi wa programu, kosa ninalolipenda zaidi ni la siku 49.7. Windows 95 na 98 zilihesabu milisekunde tangu kompyuta iwake kwa namba ya biti 32. Namba hiyo hujaa ikifika 4,294,967,296, yaani baada ya siku 49 na saa 17 hivi, na kompyuta ilikuwa ikiganda hapo. Kosa hili halikurekebishwa hadi 1999. Miaka yote hiyo, ni nani aliyeweza kuiacha Windows 95 ikiwaka siku 49 bila kugoma kwa sababu nyingine?

Hapa kwetu hata hilo lisingewezekana, kwa sababu ya stima.

Mgao wa stima

Kati ya 1999 na 2000 Kenya ilipigwa na ukame mkali. Sehemu kubwa ya umeme wetu ilitoka kwenye mabwawa ya mto Tana, na maji yakapungua. Ukaja mgao, nyumba zikakaa bila stima kwa saa nyingi kila siku.

Windows 98 iliweka mafaili kwa mpango unaoitwa FAT, ambao ni jedwali la kuonyesha kila kipande cha faili kiko wapi. Stima ikikatika katikati ya kuandika, jedwali linabaki nusu, na hakuna kumbukumbu ya kazi iliyokuwa ikiendelea. Ukiwasha, unakutana na ScanDisk kwenye skrini ya bluu, ikiokota vipande na kuviita FILE0000.CHK, FILE0001.CHK na kuendelea. Ole wako kama kimojawapo ni barua yako. Stima ikikatika mara nyingi, faili za Windows yenyewe nazo zinaharibika, na hapo fundi anafomati. Kwa enzi ile, sawa kabisa.

XP ikabadilisha mambo, sisi hatukubadilika

Windows XP ilitoka tarehe 25 Oktoba 2001, nayo haikujengwa juu ya DOS bali juu ya NT. Programu zikatenganishwa vizuri zaidi, faili muhimu za mfumo zikalindwa, na mpango mpya wa NTFS ukawa unaandika kwanza kwenye daftari lake kile unachotaka kufanya, ili stima ikipotea ujue pa kurudia. Sababu kubwa za kufomati zikapungua.

Lakini XP ilikuja na jambo moja lililowapoteza watu. Ilipangwa kujiwasha upya yenyewe ikipata kosa kubwa. Skrini ya bluu ilipita kama radi, hata namba ya kosa huwezi kuisoma. Mwenye kompyuta aliona tu mashine inayojizima na kujiwasha. Kwake hiyo ni virusi.

Kumbe mara nyingi ugonjwa ulikuwa umehamia kwenye vyuma, hasa katika mashine zilizofika hapa baada ya kufanya kazi miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya. Washukiwa wakuu walikuwa hawa:

1. Kapasita. Ni vile vikopo vidogo vilivyosimama juu ya mazabodi. Kuanzia mwaka 1999 hivi, kapasita mbovu ziliingia katika kompyuta za kampuni nyingi duniani, zikawa zinavimba na kuvuja. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya tatizo hili. Ukiona kichwa cha kapasita kimevimba kama andazi, usipoteze muda na CD ya Windows.

2. Betri ya mazabodi. Ni duara dogo la volti 3, CR2032. Ikiisha, saa inarudi nyuma miaka na mipangilio ya BIOS inapotea. Hapa ndipo fundi anapodanganyika: BIOS ikisahau namna diski ilivyopangwa kusomwa, XP inatoa skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B kila ukiwasha. Faili zote ziko salama kwenye diski, kilichokosekana ni betri ya bei ya soda na mpangilio mmoja.

3. RAM na vumbi. RAM isipogusa vizuri, BIOS hulia, kwa sababu ukaguzi wa vyuma hufanyika kabla Windows haijaamka. Desturi hii ya kulia ipo tangu IBM PC ya 1981. Ikigusa nusunusu, Windows inawaka kisha inaanguka bila mpango. Ndiyo maana yetu iliwaka kule mjini: matatu ilikuwa imeitikisa RAM ikakaa sawa. Mzee wa redio alijua lugha hiyo ya kulia, na fundi wetu wa mjini alijua CD.

Faili zingeweza kuokolewa

Hili ndilo linaloniuma hadi leo. Ubuntu ilitoka kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, na hadi 2011 walikuwa wakituma CD za bure kwa posta popote duniani. CD hiyo iliwasha kompyuta bila kugusa diski. Ukichomeka flashi, ungenakili faili zako zote, kisha ufomati upendavyo. Kazi ya nusu saa.

Msaada wa Windows XP uliisha tarehe 8 Aprili 2014, na wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kompyuta kuukuu bado zitaendelea kupelekwa kwa mafundi. Ikigoma yako, fuata mpangilio huu: kwanza soketi na stima, kisha sikiliza kama inalia, fungua kasha utazame kapasita, angalia saa ya BIOS, chomoa RAM uisafishe. Kisha okoa faili kwa flashi ya Linux. Kufomati kuwe kwa mwisho kabisa.

Na ukimpelekea fundi, naye akalitaja neno hilo kabla hajafungua kasha, muulize kwa upole: "Fundi, na faili zangu utaziweka wapi kwanza?" Akikosa jibu, beba mashine yako urudi nyumbani.